Mguu wa Nne

Jina la Maranda alibandikwa na mafundi wa karakana kabla hajajua hata kuandika lile la kwake. Kila Jumamosi jioni alikuja na gunia kuzoa maranda, yale mabaki mepesi ya mbao yanayojikunja, akayapeleke nyumbani ya kuwashia jiko na kutandikia kuku. Akitoka anayo kichwani, shingoni, mpaka masikioni. "Haya, Maranda mwenyewe anaondoka, waliobaki ni ndugu zake," mafundi walimtania, na jina likashika. Hata leo, akiwa mwanamke wa makamo mwenye kibanda chake cha kushona mapazia na sare, ukimuulizia mtaani kwa jina la kwenye vyeti utazungushwa mpaka ukome.

Baba yake ndiye aliyekuwa fundi mkuu wa karakana ile. Kazi yake kukereza: unafunga kipande cha mti kwenye mashine, mashine inakizungusha kwa kasi, nawe unakichonga kwa patasi mpaka utoke mguu wa meza, nguzo ya ngazi au bakuli. Mlangoni palikuwa na mstari mwekundu sakafuni, na mashine zikizunguka mtoto hakuruhusiwa kuuvuka. Kwa hiyo Maranda alisimama nje na gunia lake, na alipoingia kila kitu kilikuwa kimeshazimwa, mafundi wanajipangusa vumbi. Alizijua zile mashine kama unavyomjua jirani ambaye kila ukimwona amelala.

Alipomaliza shule ya msingi alijikaza, akamwambia baba yake mezani, "Baba, na mimi nifundishe."

"Nikufundishe nini?"

"Kukereza."

Mzee aliweka kijiko chini. "Mashine haijui huyu mtoto wa nani. Inakula nywele, inakula nguo, na ikishashika haiachi. Siku nitakayokuona umeshika patasi yangu, mimi na wewe hatujuani."

Ikawa basi. Tuseme ukweli, mzee alikuwa na hofu. Aliwahi kumfunga mwenzake kitambaa mkononi huku nusu ya kidole cha mwenzake iko sakafuni, na mtu aliyeona hayo halali kama zamani. Lakini hofu ya mzazi ikivaa nguo za hasira, mtoto ataitambuaje? Wahenga walisema mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Huyu hakusana wala hakuvukuta. Vijana wa watu, waliokuja na viatu vya kuazima, walifundishwa, wakafuzu, wakaenda kufungua karakana zao. Mtoto wa nyumbani akapelekwa kujifunza cherehani.

Akaijua cherehani, tena sana. Wateja walimwita fundi kutwa kucha: fundi nipunguzie kiuno, fundi pazia langu liko wapi, fundi wewe mwongo, uliniambia juzi. Baba yake peke yake hakuwahi kumwita hivyo. Kwa mzee, fundi ni mtu wa mti, wengine wote ni watu wenye kazi. Na Maranda, pamoja na mdomo wake mwepesi wa kujibu wateja, hilo lilimuuma miaka yote, na hakuna aliyeambiwa.

Mzee alipostaafu, karakana ilimpa mashine moja kuukuu kwa heshima. Akaiweka chumba cha uani, kilichoshikana na chumba chake cha kulala, ukuta wa tofali moja tu katikati. Hakuchukua mwanafunzi tena. Alifanya kazi peke yake, mlango ameurudishia. Meza ya sebuleni ilikuwa imeanza kulegea miguu, kila ukiegemeza kiwiko chai inamwagika, naye akaapa kuwa fundi wa miguu ya meza hawezi kufa akila kwenye meza kilema. Akachagua mti mzuri mwekundu, akakereza mguu wa kwanza, wa pili, wa tatu. Juu pete mbili, chini yake tumbo kama la mtungi, kisha shingo nyembamba, kisha unyayo. Wa nne alikuwa ameshaufunga kwenye mashine na kuuviringisha tu pale kiharusi kilipompiga.

Kilimchukua upande mzima wa kulia na maneno yote. Upande wa kushoto ulibaki, na fimbo yake, na sauti moja: "Aa." Mdomo ulikwenda kando ukabaki huko, hivyo uso wake ulionekana una hasira hata akiwa usingizini. Dada yake mkubwa, shangazi yake Maranda, ambaye mumewe alishafariki, alikuwa akiishi nao. Ndiye aliyemlisha, akamwogesha na kumgeuza, huku akimsema kama walipokuwa watoto. "Fungua mdomo. Kwani mimi nimekuwekea sumu? Ningekuwekea tulipokuwa wadogo, uliponivunjia sahani."

Maranda aliingia chumba cha uani kufagia. Miguu mitatu imeegemezwa ukutani, ule wa nne bado uko kwenye mashine, gogo la mviringo lisilo na umbo. Alifagia, akasimama, akafagia tena palipokwisha kuwa safi. Hapo ndipo wazo lilipomwingia. Angeumaliza yeye. Angeukereza mguu wa nne ufanane na ile mitatu, aisimamishe meza, aibebe mpaka kando ya kitanda, baba aione. Mdomo usingeweza kutamka neno, hilo alilijua, lakini kichwa kingeweza kutikisika. Alitaka hicho tu. Baba yake amtazame mara moja kama alivyowatazama wale vijana wa watu.

Sasa utajifunzaje ufundi ambao fundi wake yuko chumba cha pili na hawezi kusema? Alikwenda maktaba.

"Nataka kitabu cha kukereza mbao," alimwambia mkutubi.

Mkutubi alimtazama juu ya miwani. "Dada, nina vya upishi, nina vya kufuga kuku, nina vya kumrudisha mume aliyepotea. Cha kukereza hakuna aliyewahi kuniuliza tangu niajiriwe. Ngoja."

Alirudi na kitabu chenye jalada la kijani, vumbi juu yake, picha tele ndani. Alikuwa mtu wa kazi yake yule mama. Kila Maranda aliporudisha kitabu, mkutubi alikuwa ameshasoma kurasa za mwisho, pale mwandishi anapotaja vitabu vingine vya kufuata, naye ameshaviagiza kutoka tawi jingine. "Huyu anasema usiguse bakuli kabla hujasoma kile cha kunoa. Nimekiomba. Na mimi nikistaafu utanichongea fimbo."

Kwenye simu alijiunga na kundi la wakerezaji, watu wa kila nchi, na kila alipouliza swali walimjibu kwa kumwelekeza kwenye video. Waliosifiwa kuliko wote walikuwa wachache, na kati yao alimpenda mmoja, mzee mnene mwenye ndevu nyeupe. Maranda alimpa jina la Babu Ndevu. Babu Ndevu alizungumza lugha ambayo Maranda hakuielewa vizuri, na chini ya picha kulikuwa na maandishi. Basi alizima sauti. Sauti ya nini, na mgonjwa yuko chumba cha pili? Alikaa na simu mkononi, macho yameganda, akijifunza namna ya kusimama, namna ya kubana kiwiko ubavuni, namna ya kulaza mgongo wa patasi juu ya mti kwanza, ndipo uinue mkono kidogo makali yaanze kula. Alijifunza yote kwa macho. Ukerezaji ni kazi ya masikio, na hilo hakulijua, kwa kuwa hakuna kitabu kilichomwambia waziwazi, na aliyekuwa na sauti alikuwa amemzima.

Hakuanza na ule mti mwekundu, hakuwa mjinga kiasi hicho. Alitafuta vipande vya mbao za bei rahisi kwa wauza kuni. Akajifunga kilemba cha kubana, akakunja mikono ya gauni, akawasha. Mashine ikanguruma mpaka madirisha yakatetemeka. Alipeleka patasi kwenye mti. Mti ukaanza kulia kwa sauti nyembamba, yeye akakazana, na kabla hajajua kinachotokea, ukutani pakagongwa.

Ngo!

Alishtuka, mkono ukamponyoka, mti ukaidaka patasi na kuitupa sakafuni. Alizima. Alikimbilia chumba cha pili. Baba yake alikuwa amelala ubavu, fimbo mkononi, macho yamemtoka, mdomo umepinda.

"Aa! Aa!"

"Samahani, baba. Kelele, eh? Nimezima. Lala."

Akatoka kinyumenyume kama mtoto aliyevunja kitu. Shangazi alikuwa mlangoni na beseni la maji. "Unatafuta nini wewe na mashine ya watu? Hukukatazwa?"

"Nilikatazwa."

"Sasa?"

Kesho yake aliwasha tena.

Na siku zikaenda hivyo. Alikereza, ukuta ukagongwa, akazima. Siku nyingine pigo ni moja, siku nyingine mapigo mawili. Siku nyingine aligongewa mara nyingi mpaka akakata tamaa na kurudi kwenye mapazia yake. Siku nyingine mara chache, naye akadhani mzee amechoka au dawa zimemlevya. Akawa anakereza kwa kuvizia, sikio moja ukutani akingoja kufokewa. Hata hivyo hakuacha. Ukaidi ule aliutoa kwa mtu yuleyule aliyekuwa akigonga, wala hakuna haja ya kutafuta mbali.

Mara moja uvumilivu ulimwisha. Aligongewa mara mbili, akaenda kusimama mbele ya kitanda na vumbi lake usoni.

"Baba, hata sasa? Huwezi kusema, huwezi kusimama, na bado unanizuia? Nimekukosea nini mimi?"

Mzee alijaribu kutikisa kichwa. Kichwa kilikwenda upande mmoja, ule ambao ulikuwa bado ni wake, kikaishia kwenye mto. Usingeweza kujua kama ni ndiyo au ni hapana. Machozi yalimtoka, naye Maranda alipoyaona alijilaumu kwa kumliza mgonjwa, akamfuta, akampa maji. Mzee alikataa maji.

Pole kwa pole mkono ulikomaa. Vipande vya kuni viligeuka kuwa vijiti vilivyonyooka, vijiti vikawa na pete, pete zikafuatiwa na matumbo. Babu Ndevu alisema, kwa yale maandishi ya chini, kwamba anayejifunza bila mwalimu ajirekodi, aone makosa yake mwenyewe. Maranda akawa anaiegemeza simu kwenye kopo la vanishi rafuni, anairuhusu irekodi. Baadaye aliitazama mikono yake bila sauti, kama alivyozoea, akailinganisha na ya Babu Ndevu.

Asubuhi moja shangazi alikwenda kuchukua dawa. Maranda alimgeuza baba yake, akamwekea fimbo mkononi kama kawaida, akaenda chumba cha uani, akaegemeza simu rafuni irekodi, na kuufunga ule mti mwekundu. Hakupanga. Aliamka tu akajua kuwa ni leo.

Siku hiyo patasi ilikuwa kali, mkono mwepesi. Maranda marefu yalitoka bila kukatika, yakamwangukia mkononi na begani. Pete ya kwanza, pete ya pili. Tumbo la mtungi. Alizima, akapima kwa bikari dhidi ya mguu mmoja wa baba yake, akawasha. Ukuta ulikuwa kimya asubuhi yote, naye akashukuru kwamba mzee amelala. Shingo ikatoka. Unyayo ukatoka. Alisogea nyuma akautazama unavyozunguka, akaona kama shingo bado ni nene kidogo, labda unene wa kucha. Akainua patasi auguse mara moja tu.

Ngo! Ngo! Ngo!

Mara tatu. Hakuwahi kugongewa mara tatu mfululizo. Alibonyeza swichi kwa kiganja kizima, akakimbia.

Mzee alikuwa analia waziwazi. Fimbo imeinuliwa hewani, mdomo umeenda kando kuliko siku zote, na ile sauti yake moja inatoka mfululizo, "Aa, aa, aa." Maranda hakuwahi kumwona hivyo. Alimshika mkono, akamwuliza maji, akamwuliza choo, akamwuliza kama anaumwa. Shangazi aliporudi na mfuko wa dawa aliwakuta hivyo, akaelezwa.

"Mara tatu?" alisema shangazi. "Mwanangu, mimi nimenyamaza muda mrefu. Sasa nakwambia: utaniulia kaka yangu kwa kelele zako."

Neno hilo lilimwingia. Wiki hiyohiyo aliita wabeba mizigo na mkokoteni, mashine ikahamishiwa kwenye banda la kupanga nyuma ya soko, karibu na mafundi baiskeli. Wakati inatolewa uani, mzee alipiga kelele ndani, na shangazi akafunga dirisha ili isimsumbue zaidi. Mguu wa nne Maranda aliufunga kwa kitambaa cha pazia, akaulaza chini ya meza yake ya kukatia. Angekuja kuushusha mbele ya baba siku meza itakapokuwa nzima, imetulia, haina kelele ndani yake. Ilibaki kuranda ubao wa juu. Lakini msimu wa sare ulikuwa umeingia, wazazi wamejaa kibandani, kila mmoja na mtoto wake na haraka yake, na ubao ukasubiri.

Nyumba ikawa kimya. Mzee aliendelea kugonga ukuta, na safari hii hapakuwa na mashine ya kulaumiwa. Mara tatu, kisha kimya, kisha mara tatu. Walimletea maji. Walimpa chombo cha choo. Walimgeuza, wakamkuna mgongo, wakamfungulia redio, wakaizima. Alikuwa akiwatazama, anautazama ukuta, anawatazama tena. Lipu ilianza kumomonyoka ikamwangukia kitandani, na shangazi akamnyang'anya fimbo, akaitundika nyuma ya mlango. "Utalala kwenye kifusi, kaka," alimwambia kwa huruma kabisa. Baada ya hapo aligonga kwa vidole, na vidole vya mgonjwa havisikiki.

Alifariki asubuhi, Maranda akiwa bandani anaranda ubao wa meza. Fundi baiskeli ndiye aliyepokea simu, kwa kuwa ya Maranda ilikuwa imezimika.

Msiba ulikuwa wa watu wengi. Vijana wa zamani wa karakana walikuja wakiwa na mvi, wakabeba jeneza, na Maranda alikaa kati ya wanawake akiwa na jambo moja la kujishikilia. Mwisho wake nilimpa utulivu, alijiambia. Nilimsumbua, lakini siku za mwisho nilimwachia kimya chake. Shangazi naye alimwambia hivyohivyo: "Alipumzika, mwanangu. Ulifanya vizuri kuiondoa." Kwa miezi kadhaa hilo ndilo lililomlaza na kumwamsha.

Mashine hakuirudisha. Watu wa soko walishazoea kumletea vijikazi, mpini wa tupa, mchi, mguu wa stuli. Meza ya baba hakuiunga. Miguu yote minne ilikaa bandani imefungwa pamoja, na ubao umegeuziwa ukutani.

Ndipo alipokuja Mzee Nusu. Huyu ndiye yule aliyekatwa kidole. Mashine ilichukua nusu, alipenda kusema, na nusu nimebaki nayo mimi, tumegawana bila ugomvi. Alikuwa mgonjwa mji mwingine wakati wa msiba, na sasa alikuja kutoa pole, mkongojo mkononi. Shangazi alimwelekeza bandani.

Maranda alikuwa ameupa mlango mgongo, anakereza mpini wa fundi baiskeli. Nyuma yake bati la mlango likalia.

Ngo! Ngo!

Aliruka. Alizima mashine kabla hajageuka, na alipogeuka alikuwa amepauka kama mtu aliyeona mzimu.

"Karibu," alisema. "Mlango uko wazi, mzee, huna haja ya kubisha hodi."

"Nimeona uko wazi. Sikubisha hodi." Mzee Nusu alielekeza mkongojo kwenye mkono wa Maranda. "Laza patasi. Mgongo wake haujakaa kwenye mti, ungedakwa sasa hivi. Ah, nisamehe, mama. Ni mazoea. Nimekuja na pole, nimeanza na kukusahihisha."

Maranda hakumwelewa. Mzee Nusu alikaa kwenye kigoda, akacheka.

"Karakana ile ilikuwa na kelele, hata ukipiga mbiu husikiki. Baba yako alifundisha kwa nyundo ya mti. Anasimama hata nyuma ya nguzo, hakuoni, anakusikiliza mti wako unavyolia. Akigonga moja, patasi imekufa, kanoe. Mbili, laza patasi, utadakwa. Tulimchukia jamani! Hukosei bila yeye kusikia. Kwani hakukufundisha? Nimesimama hapa nikitazama mkono wako, nikasema huu ni wake mtupu."

Maranda aliketi juu ya rundo la mbao. "Alikuwa akinigongea," alisema taratibu. "Nilipokuwa nyumbani. Mimi nilijua ananikataza."

"Akukataze? Mzee yule asiyemtaka hamgongei. Anakata umeme, anakuonyesha mlango. Nyundo ilikuwa ya wanafunzi wake." Mzee Nusu aliona uso wake, akadhani ni majonzi ya msiba, akatafuta la kumliwaza. "Nionyeshe kazi basi. Shangazi yako amenipa habari za mguu wa meza."

Aliifungua ile miguu minne, akailaza mbele yake. Mzee Nusu alifumba macho, akaipitishia mkono mmoja mmoja, pete, tumbo, shingo, unyayo. Akarudia. Hatimaye alichagua mmoja. "Huu ndio wako. Shingo imesitasita kidogo."

"Huo ni wa baba," alisema Maranda. "Wa pili wake." Akamsogezea wa kwake.

Mzee Nusu aliushika ule mguu wa nne kwa mikono yote miwili, akautazama dhidi ya mwanga wa mlangoni, na aliposema sauti yake ilikuwa imebadilika. "Mama, kwa mguu huu baba yako angekugongea tatu."

"Tatu ndiyo nini?"

"Hujui tatu? Tatu ni toa. Imekwisha, usiiguse tena, ukiigusa utaiharibu. Mimi nilikaa miaka na moja zake na mbili zake, na siku nilipogongewa tatu bila ya moja wala mbili kutangulia, nilikwenda kulia chooni. Mashine zote zilizimwa, wakanipigia makofi. Ndiyo siku unayoitwa fundi. Karakana nzima ile, tulioipata hatukujaza benchi moja."

Nje mtu alikuwa akijaza upepo tairi, pampu inahema. Maranda hakulia. Alivuta simu mfukoni na kuanza kutafuta, kidole kinapita juu ya video zake nyingi, mpaka akaipata ya asubuhi ile. Aliitazama mara ngapi ile, akaipenda mikono yake, wala hakuwahi kuifungulia sauti. Sasa aliifungulia.

Mashine ilinguruma ndani ya simu. Mzee Nusu aliinama, mkono nyuma ya sikio, na muda wote mti ulipokuwa ukiimba alikuwa akiitikia kwa kichwa. "Hakuna moja," alinong'ona. "Hakuna mbili. Sikiliza unavyokwenda." Kwenye kioo Maranda alijiona akirudi nyuma, akiutazama mguu, akiinua patasi. Kisha ukuta. Moja, mbili, tatu.

Mzee Nusu alivua kofia. "Fundi," alimwambia, na neno lile alilolingoja tangu utotoni likamfikia hivyo, bandani, kutoka kwa mtu mwingine.

Video ilikuwa bado inaendelea. Ilisikika sauti yake mwenyewe, kali, ya mtu aliyechoka: "Nimeshazima, baba! Nimeshazima, basi!" Vikafuata vishindo vya miguu yake ikikimbia. Chumba kikabaki kitupu, mguu unazunguka polepole mpaka ukasimama. Na katika kimya hicho ukuta ukagongwa tena, safari hii bila haraka, kwa uangalifu wa mtu anayemsomesha mtoto herufi: moja, mbili, tatu. Kisha, ng'ambo ya ukuta, akaisikia sauti yake ikiuliza:

"Unataka maji, baba?"